Picha za Kisiwa cha Unguja

Picha za Unguja zinapendeza macho: bahari, mashua, milango ya nakshi. Nazo zina faida. Jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande wa mbele tarehe 25 Desemba 2020. Picha za zamani zinatunza sura yake.

Lakini picha nyingi zina kasoro moja: zinasifu uzuri, zinaficha historia. Pale Mkunazini tunaonyeshwa kanisa kuu la Waanglikana, bila neno chini yake kwamba hapo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Na watu wa Manyema kwetu walipelekwa utumwani Unguja! Picha ya namna hiyo ni nzuri, lakini ni bubu. Anayekipenda kisiwa aonyeshe uzuri wake, aandike na machozi yake.