Meli Mfu Ndani ya Fremu Tulivu: Namna Katuni ya Kwanza ya Star Trek Ilivyojengwa

Mfululizo tanzu, yaani mfululizo wa runinga unaochipuka kutoka katika mfululizo mwingine na kuendelea kuwatumia wahusika wake au ulimwengu wake, huzaliwa na deni, kwa kuwa mtazamaji huja akiwa na kumbukumbu ya sura, sauti na mwendo wa watu aliokwisha kuwazoea. Deni hilo lilikuwa zito zaidi kwa katuni ya Star Trek iliyoanza kurushwa na kampuni ya runinga ya NBC ya Marekani tarehe 8 Septemba 1973, kwani tamthilia mama, iliyorushwa na NBC hiyo hiyo kati ya 1966 na 1969 katika vipindi 79, ilisimama juu ya nyuso za waigizaji, na uso wa mwanadamu ndicho kitu ambacho katuni za bei nafuu za miaka hiyo zilikimudu kwa shida kuliko vyote. Kipindi cha uzinduzi, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Ng'ambo ya Nyota ya Mbali Kuliko Zote", kiliukabili ugumu huo kwa kuchagua kisa ambacho ndani yake kutotembea kwa vitu ni sehemu ya hofu yenyewe.

Ili uamuzi huo ueleweke, hesabu ya kazi haina budi kutangulia. Filamu hupita mbele ya macho kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde, hivyo kipindi cha dakika 24 huhitaji fremu 34,560, na hata kama kila mchoro utashikiliwa kwa fremu mbili, bado wachoraji watadaiwa michoro zaidi ya 17,000 kwa kila mhusika anayejongea bila kupumzika. Kampuni ya Filmation, iliyoongozwa na Lou Scheimer na Norm Prescott na iliyokuwa ikifanya kazi zake za uchoraji Marekani kwenyewe, ilitakiwa kutoa vipindi 16 kwa ajili ya msimu wa kwanza peke yake, na kwa bajeti ya vipindi vya watoto vya Jumamosi asubuhi. Njia iliyobaki ilikuwa uhuishaji pungufu, mtindo ambao mhusika huchorwa kwa vipande juu ya karatasi angavu za plastiki zinazopangwa moja juu ya nyingine, kiasi kwamba kiwiliwili kinaweza kubaki vile vile kwa sekunde nyingi huku midomo, kope au mkono mmoja tu vikibadilishwa. Michoro iliyokwisha kutumika haitupwi, bali huhifadhiwa katika maktaba ya picha: Kapteni Kirk akigeuka kitini, msaidizi wake Spock akiinamia chombo chake cha uchunguzi, meli yao ya angani Enterprise ikipita kutoka kushoto kwenda kulia, yote hayo hurudi tena na tena, kipindi hadi kipindi, yakibadilishiwa mandhari ya nyuma.

Mswada uliandikwa na Samuel A. Peeples, mtu yule yule aliyeandika kipindi cha pili cha majaribio cha tamthilia mama, ambacho ndicho kilichowashawishi wakuu wa NBC kuinunua. Visa vyote viwili huanzia kwenye ukingo wa galaksi, na ni vigumu kuamini kwamba mwandishi hakukusudia mlango wa pili ufanane na wa kwanza. Katika kisa hiki Enterprise inavutwa na nguvu kubwa ya mvutano ya nyota iliyokufa, na baada ya kujiokoa kwa kuingia katika mzingo, yaani njia ya kuizunguka nyota hiyo, wafanyakazi wake wanagundua kwamba hawako peke yao: meli nyingine, kubwa kupita kiasi, imekuwa ikizunguka hapo kwa miaka milioni 300.

Hapa ndipo ufundi wa kipindi unapoonekana waziwazi. Meli hiyo ya kale haikuundwa kwa mabati yaliyonyooka, bali imechorwa kama kitu kilichosokotwa kwa nyuzi, chenye matawi yaliyopinda na maganda mithili ya matunda makavu yaliyopasuka, umbo linalomwambia mtazamaji kwamba waliolijenga walikuwa viumbe wa jamii ya wadudu kabla hata mdudu mmoja hajaonekana. Katika studio ya mwaka 1966 umbo la namna hiyo lingehitaji maseremala, plasta, taa na fedha ambazo hazikuwapo, ilhali juu ya karatasi jengo kubwa na kibanda kidogo havipishani sana kwa gharama, kwa maana vyote huishia kuwa rangi na saa kadhaa za mchoraji. Muhimu zaidi ni kwamba meli imekufa. Kitu kilichokufa hakihitaji kujongea, na kwa hiyo mwongozaji Hal Sutherland angeweza kuuweka mchoro mmoja ulionakshiwa kwa uangalifu mbele ya kamera na kuiacha kamera isogee polepole juu yake, mbinu ambayo katika katuni nyingine za wakati huo ilionekana kama uvivu, lakini ambayo hapa inafanana na jicho la mtu anayeingia kaburini na kutazama kuta. Wahusika wanapogundua kwamba maganda yalipasuliwa kutoka ndani, yaani wenyewe walijiangamiza, ukimya wa picha unakuwa ushahidi wa kilichotokea.

Suluhisho la mavazi nalo linastahili kutajwa, ingawa ni jambo dogo. Watu wanaotoka nje ya chombo cha anga huhitaji vazi zito lenye kofia ya kioo, na vazi jipya maana yake ni kuwachora upya wahusika wote kwa kila mkao. Watayarishaji walibuni mkanda wa kiunoni unaotoa ngao ya nguvu inayomhifadhia mvaaji hewa na joto, na katika mchoro ngao hiyo ni mstari wa mng'ao wa manjano unaofuata ukingo wa mwili. Kwa hiyo michoro ile ile ya maktaba ilitumika, ikaongezewa mstari mmoja, na nyuso zikabaki wazi bila kioo cha kuzifunika. Tamthilia mama ilikuwa imekwisha kufanya ujanja wa aina hiyo ilipobuni chombo cha kuwayeyusha watu na kuwaibua mahali pengine ili kukwepa gharama ya kuonyesha meli ikitua kila wiki, na katuni iliurithi ubahili huo wenye akili pamoja na wahusika.

Hata hivyo, mzigo mkubwa wa kipindi umebebwa na sauti. Chuck Jones, mmoja wa waongozaji mashuhuri wa katuni za Marekani, alizidharau katuni za runinga za zama hizo kwa kuziita redio yenye michoro, na kwa upande wa maelezo hakukosea, ila dharau hiyo haiwezi kumshtua sana msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyelelewa na michezo ya redio na anayejua kwamba sauti ikiwa na uhai, macho hujitafutia picha yenyewe. Waigizaji wa tamthilia mama walirudi karibu wote, lakini haikuwa hivyo katika mpango wa awali, kwani kampuni ilitaka kuokoa fedha kwa kuwapa James Doohan na Majel Barrett sauti za wengine, hadi Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock, alipokataa kushiriki kama Nichelle Nichols na George Takei, waigizaji wa Uhura na Sulu, hawatakuwamo. Kwa msimamo huo Luteni Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno la Kiswahili uhuru, alibaki na sauti yake mwenyewe. Walter Koenig hakubahatika, na nafasi ya mhusika wake Chekov ikachukuliwa katika mfululizo na Arex, kiumbe mwenye mikono mitatu na miguu mitatu ambaye hakuna mwigizaji wa kawaida angeweza kumcheza, akisemewa na Doohan.

Doohan huyo huyo, aliye pia fundi mkuu Scott, ndiye sauti ya adui. Adui ni kiumbe cha nguvu za sumaku kisicho na mwili, kilichowafanya wadudu wale wa kale waivunje meli yao badala ya kukipeleka kwenye sayari nyingine, na ambacho sasa kinajipenyeza ndani ya Enterprise wakati wahusika wanaporudishwa kutoka katika meli ile ya kale. Kwa mchoraji, huyu ni adui wa bei nafuu kuliko wote, kwa kuwa hana miguu ya kutembeza wala uso wa kukunja, bali ni mng'ao usio na umbo unaotambaa kwenye kuta. Kwa msikilizaji, ni meli yenyewe iliyoanza kusema: milango inajifunga, hewa inakatwa, silaha zinatii amri zisizo za kapteni. Scott anapobanwa na mlango katika chumba cha mitambo, mwigizaji mmoja anakuwa mbanaji na mbanwa kwa wakati mmoja, na sauti hizo mbili zimetenganishwa kwa lafudhi na kina kiasi kwamba wengi hawatambui.

Kwamba sauti ilihesabiwa kuwa sawa na mtu mwenyewe kulithibitishwa na tukio la nje ya studio. Jijini Los Angeles kipindi hiki hakikurushwa siku ile ya uzinduzi, kwa sababu Takei alikuwa akigombea nafasi katika baraza la jiji, na kanuni za utangazaji za Marekani zinazowapa wagombea haki ya muda sawa hewani zilihofiwa kuvunjwa na maneno machache ya Sulu wa katuni.

Udhaifu upo, na haufai kufichwa. Pale kisa kinapohitaji mwendo wa mwili, kwa mfano watu wanapokimbia au kupepesuka, uhuishaji pungufu unajifichua, kwa kuwa miguu inateleza juu ya sakafu na viwiliwili vinainama kama milango. Muziki nao, ambao haukutumia wimbo wa utambulisho wa tamthilia mama, unarudia vipande vichache mno. Usomaji wa William Shatner, sauti ya Kirk, una sehemu zilizopoa, ilhali ubaridi wa Nimoy, ambao kwa mhusika mwingine ungekuwa kasoro, unamfaa Spock barabara. Aidha, muda wa nusu saa umekibana kisa: siri ya maganda yaliyopasuka ilistahili dakika mbili zaidi kabla ya mashine ya meli ile ya kale kuzinduka na kueleza kila kitu kwa mdomo wake.

Mwisho wa kipindi unarudi kwenye kile ambacho mtindo huu unakiweza. Kirk anaielekeza meli moja kwa moja kwenye nyota iliyokufa, kiumbe kinaamini kwamba wanadamu watafanya kama walivyofanya wadudu, kinatoka kwa hofu, na Enterprise inautumia mvutano ule ule kujirusha mbali kwa hesabu alizozipanga Spock. Katuni ya Jumamosi asubuhi ingetarajiwa kufunga kwa kicheko cha washindi. Badala yake kamera inabaki na nyota nyeusi, hakuna kinachojongea, na sauti ya Doohan, iliyokuwa ikitoa amri dakika moja kabla, inaomba isiachwe peke yake.