Mtoto aliyejibu 36

Mpe mtoto wa darasa la 4 hesabu hii: 52 − 28. Akijibu 24 amepata. Akikosa, njia za kukosa ziko nyingi. Aliyejibu 36 amepita safu kwa safu akitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 toa 2 ni 6, 5 toa 2 ni 3. Aliyejibu 34 anajua kukopa. Amekopa kumi moja, akafanya 12 toa 8 akapata 4, halafu akasahau kwamba makumi yaliyobaki ni 4, si 5. Aliyejibu 80 amejumlisha. Kwenye daftari la maksi wote watatu wana sifuri, na sifuri hizo zinafanana. Lakini wa kwanza anahitaji kurudishwa kwenye thamani ya nafasi, ashike vijiti vya makumi na mamoja. Wa pili amebakiza hatua moja. Wa tatu huenda anahitaji kuulizwa tu ile alama ya katikati inamwambia afanye nini.

Darasani, mwalimu anayepita kati ya madawati huyaona haya akichungulia madaftari. Anayefundisha kwa mbali hana daftari la kuchungulia. Kinachomfikia ni jibu, na mara nyingi linamfikia likiwa limeshageuzwa kuwa asilimia. Ndiyo maana naona swali gumu kuliko yote katika ufundishaji wa mtandaoni ni hili: kosa la mwanafunzi linamrudiaje mwalimu likiwa bado zima, na likishamrudia, somo la kesho linabadilika wapi?

Kazi iliyonisaidia kulielewa swali hili ilifanyika Botswana mwaka 2020, tena bila intaneti. Nimeichagua kwa sababu hiyohiyo. Ukiondoa video, ukaondoa jukwaa la masomo na michoro yake ya rangi, unabaki na mtambo mtupu wa kupima na kurejesha, na unaweza kuona kila kipande kinafanya kazi gani.

Shule za Botswana zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, shirika la Young 1ove la Gaborone, ambalo sasa linaitwa Youth Impact, lilikuwa tayari likishirikiana na wizara ya elimu kufundisha watoto kwa kufuata kiwango walichofikia, si darasa walilomo. Njia hiyo ilianzia India, katika shirika la Pratham. Wafanyakazi walikusanya namba za simu za wazazi kupitia shule kabla ya kufungwa, na kaya takriban 4,500 zenye watoto wa darasa la 3 hadi la 5 zikaingia kwenye jaribio lililoongozwa na Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu. Fungu moja lilitumiwa kila wiki meseji yenye hesabu chache. Fungu la pili lilipata meseji hiyohiyo, na juu yake simu ya mwalimu ya dakika 15 hadi 20. Fungu la tatu liliachwa bila kitu ili liwe la kulinganishia.

Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160. Ndani ya nafasi hiyo huwezi kueleza kanuni. Unaweka hesabu tatu nne na unanyamaza. Simu nayo ilikuwa ya kawaida kabisa. Mzazi aliiweka kwenye spika, mtoto akakaa karibu na karatasi na penseli, mwalimu akahakikisha meseji imefika, kisha wakaifanya kazi pamoja. Kitochi kilitosha.

Sehemu ninayotaka kuikalia ni upimaji wenyewe, maana hapo ndipo wengi tunaofundisha mtandaoni hukata tamaa mapema. Utajuaje kwamba aliyejibu ni mtoto, na si dada yake wa kidato cha 3 aliyekaa pembeni? Watafiti walianza na ngazi fupi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na kila swali likapewa dakika 2. Kisha wakaweka sharti moja lililobeba uzito wote: mtoto aeleze amefikaje kwenye jibu lake. Jibu sahihi lisilo na maelezo sahihi halikuhesabiwa. Waliandaa pia maswali tofauti ya kiwango kilekile na kuyagawa kwa bahati nasibu, ili waone kama kipimo kinatoa majibu yanayolingana bila kujali mtoto kaangukiwa na swali lipi.

Lile sharti la maelezo linafanya kazi mbili kwa pigo moja. Kwanza linafunga mlango wa udanganyifu, kwa kuwa dada anaweza kunong'ona namba, lakini hawezi kunong'ona mlolongo mzima wa hatua huku mwalimu akisikiliza. Pili, na hili kwangu ni kubwa zaidi, linamletea mwalimu kosa lenyewe. Mtoto akisema "nimetoa 2 kwenye 8", mwalimu hahitaji kukisia. Ugonjwa umejitaja kwa kinywa cha mgonjwa.

Katikati ya jaribio, baada ya takriban wiki 4, kaya zilipimwa kwa simu. Matokeo hayakusubiri ripoti. Nusu ya kaya zilizokuwa zikipata meseji au simu, zilizochaguliwa tena kwa bahati nasibu, zilianza kupata hesabu zilizopangwa kulingana na matokeo ya mtoto wao: anayejua kujumlisha na kukwama kwenye kutoa alipewa kutoa, awe darasa la 3 au la 5.

Mwishoni, fungu la meseji pamoja na simu lilikuwa mbele ya fungu lisilopata kitu kwa sehemu 0.12 ya kipimo ambacho watakwimu hukiita mkengeuko sanifu. Ni hatua ya wastani, lakini ni ya bei nafuu sana: ukipiga hesabu ya gharama, inafika hadi 0.89 kwa kila dola 100 za Marekani, na elimu ina mambo machache yanayofikia hapo. Wazazi nao walibadilika, maana makadirio yao kuhusu kiwango cha watoto yalipanda pamoja na kiwango chenyewe. Fungu la meseji peke yake halikuonyesha mafanikio ya kuaminika.

Hebu tulitazame tena hilo la mwisho. Hesabu ni zilezile, wiki ni zilezile, simu ziko mikononi mwa wazazi wa aina ileile. Kilichopungua ni njia ya kurudi. Meseji inakwenda na haijui imemkuta mtoto katika hali gani. Sitadai kwamba mrejesho pekee ndio ulioleta tofauti, kwa sababu simu ya kila wiki inaleta mambo mengi kwa pamoja: sauti ya mtu anayejali, mzazi anayelazimika kukaa karibu, mtoto anayejua kwamba ataulizwa. Jaribio halikuyatenganisha hayo yote. Linachoonyesha ni kwamba mazoezi yaliyotumwa kwa mbali bila mtu wa kusikiliza majibu yake hayakufika mbali, na ninapoona kozi za mtandaoni zilizojaa video na mafaili ya kupakua, naona zile meseji za Botswana zikiwa zimevaa nguo za gharama.

Utaratibu huo baadaye ulijaribiwa Kenya, Uganda, India, Nepal na Ufilipino, kwa kaya zaidi ya 16,000. Faida ya simu ilikuwa kubwa kuliko ya Botswana, kati ya 0.30 na 0.35 kwa wastani, na meseji peke yake ikaachwa nyuma sana tena. Katika baadhi ya nchi hizo walilinganishwa walimu wa serikali na wakufunzi wa mashirika, na matokeo yao yakakaribiana. Kwa maoni yangu, hili linapaswa kuzungumzwa katika kila chuo cha ualimu, kwa sababu lina maana kwamba ufundi huu hauhitaji watu wa pekee.

Afrika Mashariki kupima hatukuanza jana. Tangu 2009 mradi wa Uwezo umepeleka wapimaji nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda wakiwa na karatasi za kusoma na kuhesabu za kiwango cha darasa la 2, na umetuonyesha wazi jinsi watoto wengi walivyo madarasa ya juu bila kumudu hata kiwango hicho. Nchini Kenya mzazi aliambiwa matokeo ya mwanawe palepale. Watafiti Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walifuatilia baadhi ya vijiji vilivyopimwa wakitarajia kuona wazazi wakichukua hatua, nyumbani au shuleni. Katika makala yao ya mwaka 2014 walieleza kwamba hawakuona mabadiliko ya maana. Siwalaumu wazazi hata kidogo. Mtu akikuambia mwanao hajui kutoa kisha akaaga, umebaki na huzuni, hujabaki na somo. Botswana mzazi alisikia habari hiyohiyo, lakini wiki iliyofuata simu iliita na hesabu ya kutoa ikafanywa mbele yake.

Nilifundisha hisabati kidato cha 2 kwa njia ya mtandao kwa mihula kadhaa, kwenye jukwaa ambalo lilisahihisha lenyewe. Swali moja lilikuwa ½ + ⅓, lenye majibu manne ya kuchagua. Wengi walichagua 2/5: wamejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini. Jukwaa liliwaandikia kwa rangi nyekundu, "Si sahihi, jaribu tena." Wakajaribu tena, yaani wakabonyeza jibu lingine, na lingine, mpaka likatokea la kijani. Ripoti yangu ilisema darasa zima limekamilisha zoezi. Nilihamia kwenye milinganyo nikiwa na amani, na watoto wale walibeba 2/5 yao hadi mtihani wa mwisho wa muhula. Rangi nyekundu haikuwa imewaambia chochote zaidi ya kwamba waendelee kubahatisha, na mimi haikuniambia hata hilo. Jambo hili bado linaniuma.

Programu inaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo ikiwa waliotunga maswali wameyajua makosa kabla. Mindspark ya India ni mfano mzuri. Ina hazina ya maswali zaidi ya 45,000, na majibu yake mengi yasiyo sahihi yametungwa ili kila moja lifichue wazo potofu fulani. Mtoto anayedhani 3.27 ni kubwa kuliko 3.3 kwa kuwa ina tarakimu nyingi hapewi swali jingine la bahati; anapelekwa kwenye mazoezi ya wazo hilohilo. Karthik Muralidharan, Abhijeet Singh na Alejandro Ganimian waliipima Delhi kwa wanafunzi 619, kwa miezi 4 na nusu, na waliopewa nafasi ya kuitumia walipanda kwa 0.37 katika hisabati na 0.23 katika Kihindi, kwa kipimo kilekile cha mkengeuko sanifu. Waliokuwa darasa la 6 walikuwa nyuma kwa takriban miaka 2 na nusu katika hisabati, kwa hiyo kuwafundisha mtaala wa darasa la 6 kungekuwa kuongea nao kwa lugha wasiyoijua. Hata huko, dakika 45 za kompyuta zilifuatwa na dakika 45 za mwalimu na kikundi kidogo.

Mwalimu atauliza muda atautoa wapi. Swali lake ni la haki. Wanafunzi 40 kwa dakika 20 ni dakika 800, zaidi ya saa 13 kwa wiki, na hakuna mwalimu wa kawaida mwenye saa hizo. Lakini makosa hayako 40. Ukiwasikiliza watoto wakieleza hatua zao kwa wiki moja, utakuta wengi wao wanaingia kwenye mafungu machache, na kila fungu linaweza kupigiwa simu ya pamoja au kuwekwa kwenye chumba kimoja cha video. Kazi nzito iko kwenye kupanga maswali: kuchagua 52 − 28 badala ya 58 − 22, kwa sababu ya pili haikopi na haifichui kitu.

Maneno ya mrejesho nayo yana hatari zake. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi wakakuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilishusha ufanisi, hasa pale ilipomfanya mtu ajifikirie yeye badala ya kazi. "Umefeli tena" inafanya hivyo, na "wewe ni hodari sana" inaweza kufanya hivyohivyo. Mrejesho unaofaa humrudisha mtoto kwenye karatasi yake.

Basi Jumatatu meseji tatu zinatoka, kila moja ndani ya herufi 160. Kwa aliyejibu 36: "Chora makumi 5 na mamoja 2. Unatakiwa kutoa mamoja 8. Je, yanatosha? Yasipotosha utayapata wapi?" Kwa aliyejibu 34: "Ulikopa vizuri. Ulipokwisha kukopa, makumi yalibaki mangapi? Andika namba hiyo juu ya 5, kisha endelea." Kwa aliyejibu 80: "Una shilingi 52, umenunua kitu cha 28. Utabaki na zaidi ya 52 au pungufu? Alama gani inaonyesha hivyo?" Na Alhamisi, simu ikipokelewa na mama akaiweka kwenye spika, wote watatu wanaanza na swali moja: umefanyaje?