Kete za Karatasi: Juu ya Mchezo wa Dune Uliochezwa Miaka Mingi bila Kuchapwa

1. Suala lenyewe

Uhakiki unaotolewa katika kurasa za namna hii huhusu, kwa desturi, riwaya, tamthilia au ushairi. Leo twamwomba msomaji akubali tuhakiki mchezo wa mezani, yaani mchezo wenye ramani, kete, karata na kijitabu cha kanuni. Mchezo wa aina hiyo nao ni tungo. Una watunzi wake, una matoleo na tafsiri, na hutekelezwa mbele ya watu kama tamthilia inavyoigizwa. Tena unaweza kupatwa na msiba uleule unaovipata vitabu: siku moja mchapishaji huacha kuutoa, na yeyote anayeutaka hana dukani pa kuununua.

Hata hivyo kuna michezo iliyoachwa na wachapishaji wake, na watu wakaendelea kuicheza kwa furaha kwa miaka 20 au zaidi. Swali letu ni hili: katika muda huo wote, watu hao walikuwa wakihifadhi kitu gani hasa? Je, ni sanduku na vilivyomo? Je, ni kanuni? Au ni jambo la tatu?

Swali hili si geni kwa mwanaisimu. Katika kozi yake iliyochapishwa mwaka 1916, Ferdinand de Saussure alilinganisha lugha na sataranji. Kete za mti zikibadilishwa na kete za pembe za ndovu, alisema, mfumo haukuguswa. Lakini idadi ya kete ikipunguzwa au ikiongezwa, sarufi ya mchezo imebadilika kutoka ndani. Tutaupima ulinganisho huo kwa kutumia mchezo mmoja, Dune, ambao historia yake imekuwa kama jaribio la kweli la fikira hiyo.

2. Mchezo ulivyo

Dune ulitungwa na Wamarekani watatu, Bill Eberle, Jack Kittredge na Peter Olotka, ukatolewa na kampuni ya Avalon Hill ya Baltimore mwaka 1979. Msingi wake ni riwaya ya Frank Herbert yenye jina hilohilo, iliyotoka mwaka 1965. Wasomaji wa Kifaransa waliupata katika toleo la Jeux Descartes. Watunzi hao, pamoja na wenzao, walikuwa wamekwisha kutoa mchezo wa Cosmic Encounter mwaka 1977, ambamo kila mchezaji ana uwezo wa kuvunja kanuni moja ambayo wengine wote wanaifuata. Fikira hiyo ndiyo waliyoipeleka katika Dune.

Wachezaji sita wanagombea sayari ya jangwa. Anayeshika ngome tatu kati ya tano ameshinda. Kila mmoja ana majemadari watano na askari 20. Vita havina dete wala bahati: wapinzani wawili huandika kwa siri, kila mmoja kwenye gurudumu lake, idadi ya askari alio tayari kuwapoteza, huongeza jemadari mmoja na pengine karata ya silaha au ya kinga, kisha hufunua kwa pamoja. Aliyeshindwa hupoteza vyote. Mshindi hupoteza wale aliowaandika. Na juu ya hayo, jemadari wako aweza kuwa msaliti aliyenunuliwa na adui tangu mwanzo wa mchezo.

Uzuri wa tungo hii ni kwamba kila upande una kanuni zake, na kila kanuni ina sababu katika hadithi. Atreides, ambao katika riwaya huona mambo yajayo, huitazama kila karata kabla haijanadiwa, na vitani waweza kumlazimisha mpinzani aonyeshe sehemu ya mpango wake. Harkonnen, watu wa hila, hushika karata nane pale wengine wanaposhika nne. Wengine wakitaka kushuka sayarini humlipa nauli Chama cha Wasafirishaji. Fremen, wenyeji wa jangwa, hawaliwi na mnyoo mkubwa wa mchangani; humpanda kama mtu apandavyo ngamia. Na akina mama wa Bene Gesserit huandika kwa siri, kabla mchezo haujaanza, jina la atakayeshinda na duru atakayoshinda. Utabiri ukitimia, ushindi ni wao peke yao.

Msomaji wa Kiswahili ana nafasi ya pekee hapa. Herbert alichukua maneno mengi kwa Waarabu, na baadhi yake yana ndugu zao katika lugha yetu. Askari hodari wa Fremen huitwa Fedaykin; shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa neno fidia. Anayelisikia neno hilo kwa sikio la Kiswahili anaelewa mara moja kwamba hawa ni watu waliokwisha kujitoa. Ndiyo maana katika kanuni za juu za mchezo kete moja ya Fedaykin huhesabiwa kama askari wawili. Jina na hesabu vinasema jambo moja.

3. Miaka ya kutochapwa

Avalon Hill iliutoa tena mchezo huu mwaka 1984, mwaka wa filamu ya David Lynch, kisha ukatoweka katika orodha zake. Mwaka 1998 kampuni yenyewe iliuzwa kwa Hasbro. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka 20, toleo jipya la Kiingereza halikuonekana.

Wapenzi wa mchezo hawakungoja. Walichora ramani upya, nyingine nzuri kuliko ile ya kwanza. Walichapa karata kwenye karatasi ngumu na kuzikata kwa mkasi. Walitengeneza magurudumu ya vita kwa katoni na pini. Walikusanya maswali ambayo kijitabu cha mwaka 1979 hakikuyajibu vizuri, nayo yalikuwa mengi, wakayaandikia majibu, na majibu hayo yakajadiliwa kama wanasheria wanavyojadili ibara ya sheria. Kwa maneno mengine, tungo ilipata wafafanuzi wake.

Mpaka hapa Saussure ana haki kabisa. Kete ya karatasi iliyokatwa nyumbani inafanya kazi ileile ya kete ya kiwandani. Kutokana na hayo tunaweza kutoa hukumu juu ya tabia nyingine iliyoambatana na michezo isiyochapwa tena, nayo ni biashara ya masanduku ya kale. Mtu anayelipa fedha nyingi kwa sanduku la mwaka 1979, akaliweka kabatini bila kulifungua, amehifadhi karatasi. Hatumlaumu, makumbusho nayo yana kazi yake. Lakini asidhani kwamba ameuhifadhi mchezo. Walioufanya hivyo ni wale wenye kete za karatasi.

4. Rex, au kanuni bila majina

Mwaka 2012 lilitokea jambo ambalo ni nadra katika historia ya tungo yoyote. Kampuni ya Fantasy Flight Games ilitaka kuuchapa Dune upya, lakini haikupata idhini ya kuutumia ulimwengu wa Herbert. Sheria ya Marekani inatenganisha mambo mawili: hakimiliki hulinda maandishi na picha, lakini hailindi njia ya kucheza. Kwa hiyo kampuni ilichukua njia ya kucheza, ikaivika ulimwengu mwingine iliokuwa ikiumiliki, ikautoa mchezo kwa jina la Rex. Pande sita zikapewa majina ya mataifa mengine ya angani. Jangwa likawa mji. Tufani iliyokuwa ikizunguka sayari na kufagia kila kitu ikawa merikebu za vita zinazoupiga mji mabomu.

Hili ndilo jaribio tulilolitaja. Kama ulinganisho wa sataranji unatosha, basi Rex ni Dune yenye kete za pembe badala ya kete za mti, na wenye ramani za kuchorwa nyumbani walipaswa kuziweka kando siku hiyohiyo, wakanunua sanduku jipya lenye picha nzuri. Wengi hawakufanya hivyo. Waliendelea na karatasi zao.

Tuwe waadilifu: Rex si mchezo mbaya. Kanuni zake zimepangwa kwa utaratibu zaidi, na mtu asiyeijua riwaya hatakosa raha ya kusaliti na kusalitiwa. Kasoro yake ni nyingine. Katika Dune, mchezaji mpya akiuliza kwa nini Fremen hawaliwi na mnyoo, jibu ni fupi: hao ni watoto wa jangwa. Hatasahau tena. Katika Rex, akiuliza kwa nini upande fulani una nguvu fulani, mara nyingi jibu ni kwamba kijitabu kimesema hivyo. Kanuni iliyokuwa na sababu imegeuka kuwa kanuni ya nasibu, na kanuni ya nasibu hukaririwa badala ya kueleweka.

Hapo ndipo sataranji inapotuacha. Katika sataranji jina la kete si sehemu ya mfumo: kete ambayo Waingereza huiita askofu, Wafaransa huiita mwendawazimu, na bado huenda mshazari ileile. Katika Dune jina limo ndani ya mfumo, kwa sababu ndilo linaloifunga kanuni katika kumbukumbu ya mchezaji. Jibu letu kwa swali la mwanzo, basi, ni hili: kilichohifadhiwa katika miaka ile hakikuwa sanduku, wala hakikuwa kanuni tupu, bali ni fundo baina ya neno na kanuni. Fundo hilo likifunguliwa, vipande vyote vyaweza kuwapo na mchezo usiwepo.

5. Toleo la mwaka 2019

Miaka 40 baada ya toleo la kwanza, kampuni ya Gale Force Nine ilipata idhini iliyowashinda wengine, ikaurudisha Dune madukani kwa majina yake yote na kwa kanuni zilizo karibu sana na zile za kwanza. Waliotunga mwaka 1979 wametajwa tena kuwa watunzi. Majibu mengi yaliyokuwa yakitafutwa na wafafanuzi sasa yamo kijitabuni.

Badiliko moja lataka kutazamwa. Toleo la Avalon Hill lilikuwa na duru 15. Hili lina duru 10. Sababu yafahamika, maana mchezo wa zamani uliweza kula mchana mzima. Lakini hesabu ya Bene Gesserit imeguswa. Mtabiri anayewakabili wapinzani watano katika duru 15 alikuwa na majibu 75 ya kuchagua; sasa ana 50. Utabiri umekuwa mwepesi, na wapinzani wanalazimika kuwatilia shaka akina mama hao tangu mapema. Hapa ndipo Saussure anaporudi kwa nguvu zake: aliyepunguza idadi amegusa sarufi. Hata hivyo fundo halikufunguliwa, na ndiyo sababu watu wa kete za karatasi wameweza kuliita toleo hili kwa jina la zamani bila kusitasita.

6. Yanayotuhusu sisi

Huenda msomaji akauliza Lubumbashi ina haja gani na mchezo wa Baltimore. Ina haja kubwa. Sisi tunaosoma kwa fotokopi vitabu ambavyo wachapishaji wamekwisha kuvisahau tunajua maana ya kuishi na tungo zisizochapwa. Lakini zaidi ya hayo, tuna michezo yetu ya mashimo na kete: kisolo cha Waluba, igisoro ya Rwanda, bao la pwani. Hiyo haina mchapishaji, kwa hiyo twajifariji kwamba haiwezi kukoma kuchapwa. Mfano wa Rex watuonya tusijifariji upesi.

Tulitazame bao. Mchezaji wa Zanzibar hasemi shimo fulani la mstari wa mbele. Husema nyumba, kichwa, kimbi. Hupiga mtaji au hutakata. Nyumba yake ikivunjwa na kete zikasambazwa, nyumba imekwenda safari. Maneno hayo si pambo. Aliyekwisha kusikia kwamba shimo lile ni nyumba anajua bila kufundishwa kwamba mwenyewe huilinda, na kwamba kuiacha ni uamuzi mzito. Ni fundo lilelile la Atreides na Fremen, lakini hili ni la kale zaidi na limefungwa kwa Kiswahili.

Sasa tuseme kijana wa Katanga amefundishwa kisolo kwa Kifaransa, shimo la kwanza, shimo la pili, kanuni ya tatu, na babu aliyejua majina hayupo. Ubao upo, mbegu zipo, hesabu ni sahihi. Huyo kijana anacheza Rex. Tena hana kijitabu cha mwaka 1979 cha kurudia.

Kwa hiyo kazi tunayowapendekezea wanafunzi wanaotafuta mada ya kuhitimu ni hii. Waende kwa wachezaji wa kisolo, wasiishie kuhesabu mashimo na kueleza mwendo wa mbegu. Wayaandike majina ya mashimo, vitenzi vya kupanda na kuteka, matusi ya utani, misemo ya aliyeshinda na ya aliyefilisika, kwa lugha anayoitumia mchezaji mwenyewe, iwe Kiluba au Kiswahili cha mji. Kila neno lifuatiwe na swali moja: kwa nini laitwa hivyo? Jibu la swali hilo ndilo kijitabu chetu cha kanuni, na wenye kulijua wengi wao ni wazee.