Methanoli ya Svartsengi: Jinsi Gesi ya Ardhini Ilivyogeuzwa Mafuta

Huko Svartsengi, kusini-magharibi mwa Aisilandi, kampuni ya Carbon Recycling International ilijenga kiwanda ubavuni mwa kituo cha umeme wa jotoardhi, yaani umeme unaofuliwa kwa mvuke utokao visimani, na kukipa jina la George Olah, mkemia aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1994 na aliyeitetea methanoli kwa miaka mingi kuwa mafuta ya siku zijazo. Ujirani huo ndio uliowezesha kazi yote. Hewa ya kawaida ina takriban sehemu 4 tu za hewa ukaa katika kila sehemu 10,000, na kuichuja humo kuna gharama kubwa. Mvuke wa Svartsengi, kinyume chake, hupanda pamoja na gesi ambayo sehemu yake kubwa ni hewa ukaa, hivyo kazi iliyobaki ni kuisafisha, hasa kuondoa salfa, ambayo hata ikiwa kidogo hudhoofisha kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha.

Kwingineko kiwandani, umeme hupitishwa majini ili kuyatenganisha kuwa oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni huchanganywa na hewa ukaa, mchanganyiko hugandamizwa na kupashwa joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi, kisha hupitishwa kwenye kichocheo chenye shaba na zinki, na kinachopatikana ni methanoli na maji, ambavyo hutenganishwa kwa kukenekwa.

Ugumu umo katika hesabu. Tani 1 ya methanoli huhitaji takriban tani 1.4 za hewa ukaa na kilo 190 za haidrojeni, na theluthi ya haidrojeni hiyo, iliyopatikana kwa kuvunja maji, hurudi kuwa maji. Kwa kuwa kilo 1 ya haidrojeni hugharimu takriban kilowati-saa 50, tani hiyo humeza kilowati-saa zipatazo 9,500, ilhali ikichomwa hutoa zipatazo 5,500. Thamani ya methanoli hii, basi, ni kuugeuza umeme wa kisiwani kuwa kimiminika kinachopakiwa melini na kuchanganywa na petroli.

Uwezo wa kiwanda, uliokuwa tani 1,300 kwa mwaka, ulifikishwa tani 4,000 mwaka 2015. Mwaka 2022 teknolojia hiyo ilianza kutumika Anyang, China, katika kiwanda cha tani 110,000 kwa mwaka, lakini haidrojeni ya huko hutokana na gesi ya tanuri za makaa ya mawe.