Kamati ya mitandao midogo: inaokoa nini hasa?

Kompyuta ikishindwa kutambua picha vizuri, dawa iliyozoeleka ni moja: ongeza ukubwa wa mtandao wa neva. Makala ya Xiaofang Wang na wenzake, "Wisdom of Committees" (ICLR 2022), inapinga mazoea hayo. Wanasema chukua mitandao miwili midogo, kila mmoja utoe jibu, kisha piga wastani. Mfano wao: modeli mbili za EfficientNet-B5 zinafikia usahihi wa B7 moja kwenye ImageNet, kwa karibu nusu tu ya hesabu.

Siri yake ni kwamba mitandao iliyofunzwa kila mmoja kivyake haikosei kwenye picha zilezile kila mara. Mmoja ukiteleza, mwingine unaweza kuurekebisha. Wazo si jipya, ila wamelipima kwa makini, na hapo nawapa heko.

Lakini tusishangilie mapema. B5 ina vigezo kama milioni 30, kwa hiyo mbili ni milioni 60. B7 ina milioni 66. Yaani hesabu zimepungua nusu, lakini nafasi kwenye kumbukumbu ni karibu ileile. Kila kigezo kikichukua baiti 4, hiyo ni MB 240 kabla hata picha haijaingia. Kwa mwenye seva, sawa. Kwa simu ya bei nafuu, hapana.

Kinachonisumbua zaidi ni mbinu yao ya pili, ya ngazi. Mtandao wa kwanza ukiwa na uhakika, kazi imeisha. Ukisita, picha inapanda kwa unaofuata. Ni kama zahanati na rufaa: mafua yanatibiwa hapohapo, magumu yanakwenda hospitali ya mkoa. Inaokoa hesabu nyingi kweli. Ila zahanati isiyojua kwamba haijui haimpi mtu rufaa! Na Chuan Guo na wenzake walishaonyesha mwaka 2017 kuwa mitandao ya kisasa hujiamini kupita kiasi. Picha za majaribio za ImageNet zinafanana na zile za mafunzo. Jani la muhogo lililopigwa jioni kwa kamera yenye vumbi ni habari nyingine: mtandao wa kwanza unaweza kukosea kwa kujiamini kabisa, na kamati isiitwe kamwe.

Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu, itumie mbinu hii, ni nzuri. Ila usipime usahihi peke yake. Kwenye picha zako mwenyewe, angalia pia yale majibu ambayo mtandao wa kwanza ulikosea na bado haukuomba msaada.