Ukuta Mmoja, Mafundi Wawili

Huko Alnwick, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, kuna kiwanja chembamba kiitwacho Teasdale's Yard. M.R.G. Conzen, mwanajiografia mzaliwa wa Berlin, alichora mabadiliko yake, hatua kwa hatua, kuanzia 1774 hadi 1956. Kwanza nyumba inatazama barabara, na nyuma yake ni uwazi mrefu. Kisha linaingia banda, vinafuata vijumba, mpaka uwazi wote unamezwa. Halafu majengo yanabomolewa na ardhi inapumua. Michoro yenyewe haina mbwembwe, lakini nyuma yake kuna miaka ya kukaa na ramani kuukuu na kupita vichochoro kwa miguu.

Katika kitabu chake cha 1960, Conzen alitenganisha vitu ambavyo jicho huviona kwa pamoja: barabara, kiwanja na jengo. Jengo hubadilika upesi. Mpaka wa kiwanja hukaa, ukibeba kumbukumbu ya watu waliougawa karne nyingi nyuma.

Mwaka mmoja kabla, msanifu majengo Saverio Muratori alikuwa amechapisha utafiti wake wa Venice. Yeye aliingia ndani. Alipanga michoro ya vyumba vya chini, nyumba kwa nyumba, hadi mtaa mzima ukasomeka kama kitambaa kimoja. Swali lake lilikuwa jingine: kabla ya jiwe la kwanza, fundi alikuwa na nyumba gani kichwani? Mwanafunzi wake, Gianfranco Caniggia, alilifuata swali hilo katika mji wa Como, akianza na chumba kimoja cha mita 5 hadi 6 kila upande, kinachorefushwa, kinachorudiwa, kinachopandishwa ghorofa.

Aliyewahi kulala katika nyumba ya mawe ya Lamu hahitaji maelezo marefu kuhusu chumba kama hicho. Chumba ni chembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mbali, na fundi alilijua hilo bila kuandikiwa.

Conzen alitaka kuuelewa mji. Muratori alitaka pia kujua nini kijengwe kesho. Hata hivyo, wote wawili waliipa nyumba ya kawaida heshima ambayo wengi huliwekea kasri. Wakapima kwa subira ileile, mmoja akitokea nje, mwingine ndani, hadi wakafika kwenye ukuta uleule ulio kati ya majirani wawili: kwa Conzen ni mpaka wa kiwanja, kwa Muratori ni ubavu wa chumba.