Daftari la Ubatizo Husomwa kwa Upana

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia ya Uingereza iweke kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Wanavijiji wakanong'ona kwamba serikali inatafuta mlango wa kodi mpya. Zaidi ya karne nne baadaye vitabu hivyo viliwawezesha E. A. Wrigley na R. S. Schofield, katika utafiti wao wa 1981 uliotumia parokia 404, kukadiria idadi ya watu wa nchi hiyo kurudi nyuma hadi 1541. Watu wa kawaida huvitumia kwa haja ndogo zaidi: mtu anashika jina la babu, anatafuta ubatizo wake, anamkuta baba wa babu, kisha ndoa ya huyo baba, na kupanda vivyo hivyo. Njia hiyo ina sharti ambalo halisemwi, nalo ni kwamba ukoo uwe umetulia kijijini.

Lakini Tabora, magharibi mwa Tanzania, haikuwa nchi ya kutulia. Unyanyembe, eneo lenye mji huo, ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, tawi moja likielekea Ujiji, jingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, jingine kusini-magharibi hadi Karema. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, wakienda pwani na kurudi. Kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waliletwa Wamanyema na wengine wengi, sehemu kubwa yao wakiwa watumwa. Wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadri Weupe walipita hapo 1878, wakaanzisha misheni ya Kipalapala mwanzoni mwa miaka ya 1880, na moja ya kazi zao za kwanza ikawa kuwakomboa watoto kwa kuwalipia fedha waliowashikilia. Kwa hiyo mwanzoni mwa vitabu vya misheni zao wamo watu ambao nafasi ya jina la baba na la mama haikujazwa. Anayepanda kwa mtindo wa Kiingereza anakwama kwenye ngazi ya kwanza.

Wanaofanikiwa huacha kupanda na kusoma kwa upana.

Pa kuanzia ni cheti cha ubatizo cha mzee yeyote wa familia. Juu yake pana namba yenye herufi LB, yaani Liber Baptizatorum, na namba hiyo inamwelekeza karani wa parokia kwenye mstari ulioandikwa siku ile. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini, lakini ni Kilatini cha maneno machache yanayojirudia, na msomaji makini hukizoea upesi. Mstari wa kawaida una tarehe, jina la Kikristo, jina la nyumbani, wazazi, mahali, umri, msimamizi na padri aliyebatiza. Kwenye umri mara nyingi pana neno circiter, "takriban", maana padri alimtazama tu mtu akakisia. Ubatizo wa hatarini mwa kufa huandikwa hivyo waziwazi, na huo nao ni ushahidi: huyo hakupitia miaka minne ya mafundisho ambayo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliwadai wakatekumeni.

Hazina kubwa iko kwenye safu ya msimamizi. Mtoto asiye na wazazi kitabuni alipewa msimamizi, na msimamizi naye ana mstari wake kurasa za nyuma. Jina moja likijirudia mbele ya watoto wengi, yaelekea huyo ni katekista, au mtu aliyekombolewa mapema akawa mlezi wa waliofuata. Mtafiti akiyaunganisha majina hayo kwenye karatasi moja, anapata jamaa ambayo haikutokana na damu. Na watoto wa watoto hao ndio baadaye waliooana, wakashuhudiana ndoa na kusimamiana wana. Mtu akiuliza kwa nini familia mbili za misheni ya Ndala au Ushirombo zinaitana ndugu bila kuwa na babu mmoja, jibu linaweza kuwa limelala katika safu hiyo.

Usiache pambizo. Tangu amri ya Kanisa Katoliki iitwayo Ne Temere ilipoanza kutumika 1908, padri anayefungisha ndoa hupeleka taarifa katika parokia alikobatizwa kila mmoja wa wanandoa, na taarifa hiyo huandikwa kando ya mstari wa ubatizo. Ndivyo msichana aliyebatizwa kijijini anavyoonekana tena akiwa mke wa mtu katika parokia ya mbali. Wino tofauti na mwandiko tofauti, maneno manne au matano, lakini safari yake yote imo. (Makarani wavivu walikuwepo pia, na pambizo tupu halithibitishi kwamba mtu hakuoa.)

Wasomi wamekwisha kuonyesha uzito wa makaratasi haya. Sarah Walters aliandika tasnifu ya uzamivu huko Cambridge, 2008, juu ya uzazi, vifo na ndoa kaskazini-magharibi mwa Tanzania kati ya 1920 na 1970, akitumia vitabu vya parokia. Salvatory Nyanto wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 2024 kitabu juu ya waliotoka utumwani na jumuiya za Kikristo walizojenga magharibi mwa Tanzania kuanzia 1878. Walters ni wa hesabu, Nyanto ni wa maisha ya watu. Mtafuta ukoo anahitaji zaidi jicho la Nyanto.

Baada ya kitabu cha ubatizo, shajara. Lavigerie alidai kila misheni iandike habari zake siku kwa siku, na shajara hizo, kwa Kifaransa, zimehifadhiwa katika nyumba kuu ya shirika huko Roma. Tarehe ya ubatizo ikilinganishwa na shajara ya majuma au miaka iliyotangulia, inawezekana kuonekana msafara uliopita, na pengine bei iliyolipwa. Adrian Atiman, aliyezaliwa kando ya Mto Niger, akakombolewa, akasomea utabibu Malta na kutibu watu Karema tangu 1889 hadi uzeeni, alibahatika kusimulia maisha yake mwenyewe. Wenzake wengi wana mstari mmoja tu.

Ila kwa sehemu kubwa ya mji wa Tabora njia hii haifiki popote, maana wazee wa hapo ni Waislamu na majina yao hayamo vitabuni mwa parokia. Kwao mlango ni nyaraka za Wajerumani, hasa hati za uhuru walizopewa watumwa waliokombolewa, na kumbukumbu za midomo. Anayepekua awe na mwaka 1905 mkononi: kwa amri ya Wajerumani, watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya Desemba 31 ya mwaka huo walihesabiwa kuwa huru, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria na Waingereza 1922. Bibi akisema mama yake alizaliwa "huru" ilhali nyanya yake hakuwa huru, tayari ametoa tarehe ya kuanzia kutafuta.